Magugu kwenye simu za jumuiya zetu



Injili ya leo, Dominika ya 16 ya Mwaka A, inatupeleka shambani. Mtu amepanda mbegu njema. Usiku, watu wakiwa wamelala, adui anakuja na kupanda magugu katikati ya ngano, kisha anaondoka. Watumishi wanapoyaona wanataka kuyang'oa siku hiyohiyo. Mwenye shamba anawazuia: wakingoja hadi mavuno, hakuna ngano itakayopotea (Mt 13:24-43).

Nimeihubiri Injili hii mara nyingi. Safari hii naisoma nikiwa na deni moyoni, na deni lenyewe limetokana na simu.

Miezi michache iliyopita mzee mmoja wa jumuiya iliyo mbali na kanisa la parokia alizidiwa. Watoto wake walitaka apate Mpako wa Wagonjwa. Saa tatu usiku binti yake aliandika kwenye kundi la WhatsApp la parokia kwamba hali ya baba si nzuri na wanamwomba padri. Mimi nimo kwenye kundi hilo. Lakini nilikuwa nimelinyamazisha wiki nyingi kabla, kwa sababu lilikuwa likilia usiku na mchana. Asubuhi, baada ya Misa, nililifungua nikakuta meseji zaidi ya 100. Ya binti yule ilikuwa katikati. Nilipofika, mzee alikuwa amefariki alfajiri. Binti hakunilaumu. Alisema tu, "Baba, tulituma meseji."

Nilirudi nyumbani nikazisoma tena meseji zote za usiku ule, moja baada ya nyingine. Kulikuwa na picha za maua za kutakiana usiku mwema. Kulikuwa na tangazo la mikopo ya haraka, la dawa inayoponya kila ugonjwa, na la mtu anayewaalika watu wajiunge na Freemason wapate utajiri. Kulikuwa na ile meseji maarufu inayosema ile hela itume kwenye namba hii. Na kulikuwa na sala ya mnyororo inayoamuru uitume kwa watu 10 kabla ya usiku wa manane, la sivyo utapata mkosi. Hiyo ilitumwa na watu wanne tofauti. Mmoja wao ni kiongozi wa chama cha kitume.

Ndugu msomaji, tumezoea kusema kwamba takataka hizi zinaudhi na zinamaliza bando. Mimi nimejifunza kwamba zinafanya jambo baya zaidi. Zinafunika kilio cha mtu. Adui wa kwenye Injili hakuchoma shamba wala hakung'oa ngano. Alichanganya tu.

Kwa nini takataka zimekuwa nyingi hivi? Sisi wa Tabora tunaweza kuelewa vizuri tukiitazama barabara yetu ya zamani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika: wengine Ujiji, wengine Karagwe na Buganda. Siisifu njia ile, kwa sababu ilipitisha pia ndugu zetu wakiwa wamefungwa minyororo. Lakini ilikuwa na jambo moja la kutufundisha: kila kilichofika kilikuwa na gharama. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi, kwa miguu, miezi mitatu hivi. Njiani watemi walitoza hongo, neno ambalo leo tunalitumia kwa rushwa, lakini zama zile lilikuwa ushuru wa kupita. Hakuna mtu aliyebeba takataka begani kutoka pwani hadi Tabora.

Pale Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ipo tembe ambayo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Kabla ya hapo Stanley alipita Unyanyembe akakuta mfuko wa barua za Livingstone uliofungwa Zanzibar tarehe 1 Novemba 1870, ukiwa bado umekwama huku. Akauchukua, akamfikishia mwenyewe Ujiji mwezi Novemba 1871. Mwaka mzima ulikuwa umepita. Stanley anasimulia kwamba mzee yule aliuweka mfuko magotini, akaufungua, akasoma kwanza barua moja au mbili za watoto wake. Barua zilikuwa chache, na aliyezipokea alijua zipi zinamhusu zaidi.

Leo mambo yamegeuka. Kutuma meseji kwa watu 300 hakugharimu zaidi ya kutuma kwa mmoja. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Marekani, mume na mke, walituma tangazo la biashara yao ya bahati nasibu ya viza ya kuishi Marekani kwenye maelfu ya makundi ya majadiliano ya kompyuta kwa mkupuo. Watu walikasirika sana. Lakini mawakili wale walikuwa wameuonyesha ulimwengu hesabu rahisi: mtumaji halipi karibu chochote, na akipata mjinga mmoja katika elfu moja amepata faida. Gharama inalipwa na wapokeaji. Usiku ule gharama ililipwa na mzee wetu.

Wengine husema mitambo itatusaidia. Ni kweli kwa kiasi. Kwenye barua pepe kuna machujio yanayofanya kazi kimyakimya. Programu huonyeshwa barua nyingi mbaya na nyingi njema, ikajifunza maneno gani hutokea zaidi kwenye zipi. Barua mpya ikija, inapima maneno yake na kukadiria. Hesabu hiyo ina mizizi yake kwa mtu wa dini, Thomas Bayes, mchungaji wa Kipresbiteri wa Uingereza, ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Lakini chujio hukosea pande zote mbili. Hupitisha baya, na mara nyingine hukamata jema. Barua yangu ya mwaliko wa mafungo iliwahi kukaa wiki mbili kwenye kapu la taka.

Kwenye WhatsApp hata chujio hilo la maneno halipo njiani. Tangu 2016 meseji hufungwa kiasi kwamba ni mtumaji na wapokeaji tu wanaoweza kuzisoma. Hilo ni jema kwa siri zetu. Wamepunguza mwendo kwa njia nyingine: tangu 2019 huwezi kusambaza meseji sehemu zaidi ya tano kwa mara moja, na tangu 2020 ile iliyokwisha kusambazwa mno, yenye alama ya mishale miwili, hupelekwa sehemu moja moja. Serikali nayo imefanya yake. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na TCRA imetupa namba 15040 ya kupelekea meseji za kitapeli. Tuzitumie njia hizi. Lakini ndani ya kundi la jumuiya, chujio la mwisho ni mtu. Ni admini, na ni mimi na wewe.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili.

Baada ya msiba ule viongozi wetu waliamua kufanya usafi, nami nikawaunga mkono kwa moto wote. Namba ya mama mmoja ilikuwa ikituma tangazo la uwekezaji: weka laki moja, vuna laki tatu kwa siku mbili. Wakaniuliza. Nikajibu, "Mtoeni." Akatolewa saa ileile, na wengine wakashangilia kwa alama za makofi.

Baadaye ikajulikana kwamba akaunti yake ilikuwa imetekwa. Mtu alimpigia akijifanya ni wa kundi, akamwomba amtajie tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yake, naye kwa wema wake akazitaja. Hakuna aliyempigia kumwuliza. Wiki tatu hakuonekana Misani. Alipokuja ofisini aliniambia, "Baba, nilidhani nimetengwa na Kanisa."

Wakulima wa mpunga wa Igunga na Nzega wanaielewa Injili hii kuliko sisi tuliosoma vitabu. Yapo majani ambayo yakiwa machanga huwezi kuyatofautisha na mpunga, na ukiyavuta bila kuangalia unang'oa vyote viwili. Mwenye shamba hakusema magugu ni mazuri. Alihofia ngano.

Tuisome Injili kwa makini. Yesu anapowaelezea wanafunzi wake mfano huu, mbegu njema ni watu, na magugu ni watu. Subira ya Mungu ni kwa ajili ya watu, kwa sababu mtu anaweza kubadilika, na kwa sababu macho yetu hukosea kumhukumu. Somo la kwanza la leo, kutoka Kitabu cha Hekima, linasema jambo hilohilo: Mungu mwenye nguvu zote huhukumu kwa upole na huwapa watoto wake nafasi ya kutubu.

Lakini meseji si mtu. Meseji ya kitapeli haiwezi kutubu. Haina haki ya kukua hadi mavuno. Kwa hiyo anayesema tuache kila kitu kundini kwa sababu Yesu amekataza kung'oa, anausoma mfano vibaya. Na anayemfukuza mtu kwa sababu ya meseji moja, naye anausoma vibaya. Ifute meseji upesi. Mtu umpigie simu. Mimi nilifanya kinyume kote kuwili. Takataka nilizikimbia kwa kunyamazisha simu badala ya kuziondoa, na mama wa watu nikamwondoa badala ya kumtafuta.

Neno moja pia kuhusu sala za mnyororo, kwa kuwa hizi tunazitetea tukidhani ni uinjilishaji. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inafundisha kwamba kuitegemea nguvu ya sala kwa tendo lake la nje tu, bila moyo unaotakiwa, ni kuanguka katika ushirikina. Sala inayotisha watu kwa mkosi inamfanya Mungu aonekane kama mganga anayedai ada. Somo la pili la leo linatupa dawa. Mtakatifu Paulo anawaambia Warumi kwamba hata tusipojua kuomba ipasavyo, Roho Mtakatifu mwenyewe hutuombea kwa namna isiyohitaji maneno (Rum 8:26-27). Mungu anayesikia hata kilio kisicho na maneno hahitaji tusambaze kwa watu 10. Ukitaka kumwombea mgonjwa wa jumuiya yako, mwombee, halafu nenda ukamwone.

Parokiani kwetu sasa tumefanya hivi. Tuna kundi la matangazo ambalo viongozi pekee wanaandika: misiba, wagonjwa, ratiba za Misa. Kundi la mazungumzo ni jingine, na halichanganywi na lile. Mgonjwa akizidiwa, ndugu hawaandiki. Wanapiga simu kwa katekista au kwa padri, saa yoyote. Ombi la pesa halifuatwi hadi mwombaji asikike kwa sauti yake, hata kama jina lililotokea ni la Paroko. Admini akifuta meseji, anampigia aliyeituma kabla jua halijazama. Hakuna anayetolewa mpaka amesikilizwa.

Na kila mmoja amepewa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kusambaza: Je, najua kuwa ni kweli? Je, kuna mtu hapa anayeihitaji? Je, ningeibeba begani kutoka Bagamoyo hadi Tabora? Swali la tatu huwachekesha watu, lakini wengi wameniambia ndilo linalowazuia.

Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari mwaka 2018, alirudi hadi bustani ya Edeni kuonyesha habari ya uongo ya kwanza. Nyoka alianza na maneno yanayofanana na ya Mungu. Eva naye, baada ya kuyapokea, hakubaki nayo peke yake. Alimpa na mumewe. Ndivyo uongo unavyotembea hadi leo, kwa mkono wa mtu tunayempenda na kumwamini. Tapeli wa mbali hana namba ya bibi yako. Wewe unayo.

Mama yule amerudi. Nilimwomba radhi mbele ya jumuiya yake, na sasa ndiye anayewafundisha wenzake wasitaje tarakimu zinazoingia kwenye simu zao. Deni la mzee sina namna ya kulilipa. Nimemtolea Misa, na ninaacha simu yangu ikiwa na sauti.

Wiki mbili zilizopita ililia saa nane usiku. Alikuwa katekista wa kigango cha mbali. Nilifika mgonjwa akiwa bado na fahamu, na nilipomaliza sala ya mpako aliitikia "Amina" kwa sauti yake mwenyewe.

Nawatakia Dominika njema.