Kapu la Bibi Mkunazini
Jumapili iliyopita, Mkunazini, Zanzibar, kijana alitoka kanisani akitangaza kwamba ameokoka. Pale ngazini akampita bibi anayehangaika na kapu lake. Nami nilimpita, nisijisafishe. Kanisa lile limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Nikamkumbuka Cecil Majaliwa: aliokolewa utumwani angali mtoto, akasomeshwa shule ya misheni ya Kiungani, kisha 1886 akaenda Chitangali, bara ya kusini, kuwahudumia Wayao; 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Aliyevushwa hakai ufukweni akianika nguo. Sisi wa leo wokovu tumeufanya cheti cha kutundika ukutani. Nilipogeuka, bibi alikwishafika barabarani. Kapu kabebewa na muuza kahawa, kofia yake ya kiua kichwani.