Jotoardhi: Kuiga Bila Kupima ni Kasumba

Ipo kasumba inayopaswa kung'olewa: kudhani kwamba kila mtambo unaosifiwa Ulaya utazifaa nchi za joto. Nchini Sweden, pampu inayochota joto ardhini huishinda ile inayochota hewani, kwa kuwa wakati wa baridi hewa hushuka chini ya nyuzi sifuri, bali ardhi ya kina hubaki na uvuguvugu wake. Siri ni tofauti hiyo, wala si uhodari wa mtambo.

Dar es Salaam tofauti hiyo ni ndogo. Wastani wa joto la hewa kwa mwaka ni takriban nyuzi 26, na udongo wa mita kumi chini hukaribia kiwango hicho hicho. Tena joto la ofisi litamwagwa ardhini mwaka mzima, bila msimu wa baridi wa kulitoa. Kuchimba visima hivyo ni kufukia fedha za wananchi.

Utajiri wa Afrika Mashariki ni mvuke wa Bonde la Ufa. Kenya ilianza kuzalisha umeme Olkaria mwaka 1981. Tanzania iliunda kampuni yake ya jotoardhi mwaka 2013. Shilingi ya umma ielekezwe Ngozi, Mbeya, si kwenye viyoyozi vya wakubwa.