Samaki Haulizi Bei ya Mshipi



Ndugu wasomaji, wiki hii tumeletewa swali na mama mmoja wa Mtongwe, upande wa Likoni. Mumewe ni kibarua, na siku asizopata kazi huteremka majini kuvua kwa mshipi. Akirejea na kitoweo, nyumba hufurahi; akirejea mikono mitupu, husubiri siku nyingine. Sasa mume huyo ameona kwa mwenziwe fimbo ya kuvulia ya kisasa, yenye gurudumu la kukunjia mshipi, pamoja na kisanduku cha vyambo vya bandia ving'aavyo kama shanga, naye ataka kununua mfano wake kwa akiba iliyowekwa kwa karo ya muhula ujao. Mama auliza: je, ni kweli kwamba zana za ghali na chambo cha ghali ndivyo viletavyo samaki?

Swali hili si la nyumba moja. Kuanzia Timbwani hadi Mishomoroni, na kutoka Mikindani hadi Port Reitz, hakuna mtaa usiokuwa na kijana au mzee mwenye mshipi. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa urefu, na jawabu letu kwa ufupi ni hili: zana zina mahali pake, lakini hazitangulii. Linalotangulia ni kuujua wakati wa maji. La pili ni kumjua samaki na chakula chake. La tatu ni ndoana kali na mshipi mzima. Bei huja nyuma ya hayo yote.

Tuanze na wakati. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huingia bamvua, ambayo hufikia nguvu zake siku moja au mbili baadaye. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa katika bandari ya Kilindini huzidi mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, mnamo tarehe 7 au 8 na tarehe 22 au 23 za mwezi wa Kiislamu, maji huwa mafu, na tofauti hiyo huweza kushuka hadi kiasi cha mita moja. Siku za bamvua maji hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na kupwa baina ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa za kupwa huwa ndizo za kujaa.

Basi nyumba yenye kalenda ya Hijria ukutani tayari inacho chombo cha uvuvi ambacho hakuna duka linaloweza kuuza bora kuliko hicho. Anayeufuata mwandamo kwa ajili ya saumu na Idi aweza pia kuufuata kwa ajili ya kitoweo, na wazee wetu ndivyo walivyofanya miaka yote.

Kwa nini wakati una uzito hivyo? Kwa sababu samaki hatembei ovyo. Maji yanapoanza kujaa katika mikono ya bahari ya Tudor, Port Reitz na Mtwapa, mkizi na chaa huyafuata hadi mikokoni kutafuta chakula, na walao nyama huwafuata hao nyuma. Maji yakianza kupwa, wote hurejea kwenye mikondo. Anayetupa mshipi uliozungushiwa chupa kuukuu ya plastiki penye mlango wa mkondo, maji yakiwa katika mwendo, huwa na tumaini kubwa kuliko mwenye fimbo ya thamani aliyesimama pale pale maji yakiwa yamelala. Ndiyo maana ya msemo wetu kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Haukusema mwenye fedha.

Tuje kwenye chambo. Hapa ndipo watu wengi hutupa fedha zao baharini. Changu hula kaa wadogo, minyoo na viumbe wa magambani. Kipande cha kamba au cha ngisi aliyetoka majini asubuhi ile humtosha. Kole kole na tengesi hufukuza samaki wadogo, nao huvutiwa na dagaa mbichi au na kitu chochote kinachong'aa kikikokotwa majini. Hata wavuvi wetu wanaokokota mshipi nyuma ya ngalawa kumtafuta nguru wamekuwa wakitumia vipande vyeupe vya plastiki au nyuzi za kumetameta za magunia, na nguru amekuwa akizikamata. Tafi naye ni mla majani ya baharini. Ukimpa kamba wa bei kubwa aweza kumpita kama hakumwona, ilhali wavuvi wa malema huweka mwani na konokono wa mikokoni waliopondwa, wakarudi kesho yake kumtoa. Bora ya chambo haimo katika bei yake, bali katika kuwa ndicho chakula alichokizoea samaki yule, mahali pale, nacho ni kibichi. Kamba aliyelala siku tatu juani ni hasara hata akitolewa bure.

Lipo pia la dini. Wapo wanazuoni waliochukia kumtunga ndoanani kiumbe aliye hai, kwa kuwa ni kumtesa, na waliochukia kuvua kwa chambo kilicho najisi. Chambo cha kutengenezwa kisichotaja kilichotiwa ndani yake humwachia mtu shaka. Dagaa aliyekufa au kipande cha ngisi hakina shaka. Mwenye kutaka ufafanuzi zaidi na amwendee imamu wa msikiti wake.

Mabishano haya ya bei hayako kwetu peke yetu. Uingereza kuna wavuvi wa burudani wanaomfuata kwa miaka mingi samaki wa maji baridi aitwaye kapi, yule yule avuliwaye sasa katika ziwa Naivasha. Mtu hutumia mali nyingi kwa fimbo, vifaa vya kulia samaki akigusa, na vidonge vya chambo vya viwandani. Lakini tazameni kumbukumbu zao wenyewe. Mnamo Septemba 1952, katika bwawa la Redmire, Richard Walker alimtoa kapi wa ratili 44, sawa na kilo 20 hivi, aliyeshikilia rekodi ya nchi hiyo kwa karibu miaka 28. Chambo chake kilikuwa mkate. Rekodi hiyo ilipovunjwa mwaka 1980 na Chris Yates, katika bwawa lilo hilo, kwa samaki wa ratili 51 na nusu, chambo kilikuwa punje za mahindi matamu. Na ufundi uliobadilisha uvuvi wa kapi kuliko wote, ulioanzishwa na Lenny Middleton na Kevin Maddocks mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikuwa ni kukining'iniza chambo nje ya ndoana kwa unywele, ili samaki akinyonye bila kuhisi chuma. Unywele hauna bei. Kilicholeta tofauti ni mtu kukaa chini na kutafakari jinsi samaki anavyokula.

Hata hivyo hatutaki kudhulumu. Ziko zana zinazostahili fedha. Ndoana iliyoshika kutu ni ghali hata ikiwa ya bure, kwa kuwa humpoteza samaki aliyekwisha kuuma. Mshipi uliochomwa na jua miezi mingi hukatika pale unapohitajiwa, nao haufai kuhurumiwa. Anayemtafuta tengesi au nguru ahitaji kipande cha waya karibu na ndoana, kwa sababu ya meno yao. Na anayesimama ufukoni, kama pale Shelly Beach au Nyali, fimbo humfaa kweli, kwa kuwa hupeleka chambo mbali kuliko mkono unavyoweza kutupa. Bali aliyeko juu ya mtumbwi, au ukingoni mwa mkondo wenye kina, hana haja nayo: mshipi huteremka wima, na kidole cha shahada humwarifu samaki anapogusa. Chubwi lake laweza kuwa plagi kuukuu ya gari. Tena gurudumu la fimbo huliwa na chumvi. Lataka kuoshwa kwa maji matamu kila siku, na katika mitaa yetu mingi maji hayo hununuliwa kwa mtungi.

Iko zana moja ambayo hatungependa mtu aihesabie senti, nayo ni jaketi la kuokolea maisha kwa kila anayepanda chombo, hasa miezi ya kusi bahari inapochafuka. Na wanaotembea mwambani siku za bamvua wakumbuke kwamba maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, nusu ya maji huingia katika saa mbili za katikati. Aliyeinama kumchomoa changu aweza kuinua kichwa akakuta njia yake ya kurudi imefunikwa. Mke na watoto hawali fimbo, wala hawali samaki. Wanamtaka baba arudi.

Kinyume cha ughali nacho kina mtego wake. Kuna zana zinazoonekana rahisi na zenye mavuno mengi, kama juya na nyavu za macho madogo, zinazozoa hata vitoto ambavyo havijafikia kuzaa. Juya na bunduki ya kuvulia vilipigwa marufuku na tangazo la serikali la mwaka 2001. Vilevile Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 mbele ya fukwe za Nyali na Bamburi, ina eneo lisiloruhusiwa kuvuliwa kabisa, na pembezoni mwake eneo linaloruhusiwa kwa zana za asili. Mshipi mmoja na ndoana moja humchukua samaki mmoja, na huwaachia watoto wetu waliobaki.

Sasa turejee nyumbani. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Surat An-Nahl, aya ya 14, kwamba chakula cha baharini ni katika neema alizotutiishia, na katika Surat Al-Furqan, aya ya 67, amewasifu wenye kushika njia ya kati baina ya israfu na ubakhili. Njia ya kati katika jambo hili si ngumu kuiona. Karo ya mtoto ina tarehe yake. Samaki hana tarehe. Akiba ya karo ikienda dukani, fimbo itabidi ilipe deni lake kila siku, na mwenye deni huanza kuivua hofu yake badala ya samaki: hutoka katika upepo usiofaa, hukaa majini hadi Magharibi imempita, na akirudi mtupu hugombana na watu wake.

Ushauri wetu kwa mama ni kwamba amsikilize mumewe kwanza, asimkejeli, kwani mtu hutamani zana kwa sababu hutamani kuilisha nyumba yake vizuri. Kisha wakubaliane: ndoana mpya, mshipi mpya na kipande cha waya vinunuliwe wiki hii, navyo havitaigusa karo. Kwa miezi miwili ya Kiislamu aandike katika daftari la mtoto tarehe ya mwezi, saa ya maji, mahali, chambo na alichopata. Mtoto naye amsaidie kuandika. Atajifunza hesabu na bahari kwa pamoja. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama anavua mahali panapohitaji fimbo. Likionyesha hivyo, na atengewe kidogo kidogo kutokana na samaki anaouza, fimbo ijinunue yenyewe.

Twamuomba Mola awajaalie wavuvi wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe riziki ya halali, bahari tulivu na marejeo ya salama. Amin.