Tubakize Udongo Uani

Ndugu zangu wakazi wa Dar es Salaam, kabla fundi hajaanza kupanga pevingi uani kwako, mwambie akuachie kipande. Hatua mbili kwa tatu zinatosha, kando ya ukuta, karibu na bomba, mahali panapopata jua la asubuhi. Hilo ndilo ombi langu, nami naliomba kwa mitaa mizima, si kwa nyumba moja moja.

Kuanzia Mbagala hadi Bunju, Tabata hadi Goba, nyua zetu zinafunikwa. Sababu nazijua: matope ya masika yanachosha, vumbi la kiangazi linaingia hadi vyumbani, na kufagia udongo kila alfajiri ni kazi. Lakini ua uliofunikwa wote hauna pa kunywea mvua. Maji hukimbilia barabarani, kisha kwa jirani aliyeko bondeni. Na sisi wenyewe tunanyimwa raha ya kubandika sufuria jikoni ndipo tutoke nje kuchuma mboga.

Raha hiyo niitetee waziwazi, maana bustani ya nyumbani huwa tunaisemea kwa hoja ya pesa tu. Mwaga mbegu za mchicha leo jioni. Kabla wiki haijaisha tuta limeshapiga wekundu na kijani, na kila anayepita anainama kutazama. Wiki ya tatu au ya nne unang'oa ile iliyosongamana, unakula, na iliyobaki unaikata juu ili ichipue upya. Bamia ndiyo yenye vituko zaidi. Ua lake la njano lenye moyo wa damu ya mzee hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo, na tunda ukilisahau siku chache linakuwa gumu, halitafuniki. Kwa hiyo bamia humlazimisha mtu kutoka nje. Mzee aliyestaafu anapata jambo la kuulizwa na la kuagiza. Watoto wanagombania ndoo ya kumwagilia. Jioni, udongo uliomwagiwa unatoa harufu yake, na vidole vilivyogusa majani ya nyanya vinanukia hadi usiku.

Halafu mezani! Mchicha uliochumwa dakika hiyo, ukaungwa kwa tui la nazi, haufanani na fungu lililoshinda juani gengeni. Bibi zetu waliotia tui au karanga kwenye mboga za majani hawakukosea hata kwa afya, kwa kuwa mwili hupokea vitamini A ya majani hayo vizuri zaidi pakiwa na mafuta.

Maji nayo yanatuhusu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na miongoni mwa madini waliyoyakuta ni risasi na kadimiamu. Simlaumu mkulima wa bondeni. Anatumia maji aliyoachiwa na jiji. Wala sitaki kumpokonya mama wa gengeni riziki yake, maana vitunguu, karoti na viazi bado tutavifuata kwake. Nasema tu kwamba mboga ya uani unajua imekunywa nini. Basi tusiharibu faida hiyo kwa kumwagilia maji ya mtaro au kupanda juu ya shimo la choo.

Kwa nini tuifanye kwa pamoja? Kuku, kwanza. Bustani ya nyumba moja katika mtaa wa kuku huria haimalizi siku mbili. Mtaa ukikubaliana, kuku watafungiwa au matuta yatazungushiwa wavu, na ugomvi hautakuwepo. Tena mbegu na marando ni mali ya kupeana. Mwenye matembele anaweza kukata marando ya kutosha majirani wote, kila moja la urefu wa mkono, likafukiwa nusu na zaidi, na mwezi haupiti sana kabla ya kuchuma. Mbegu za mboga zetu za asili zinatunzwa na World Vegetable Center kule Arusha, na kazi hiyo ni kubwa. Ila mnafu, mgagani na nyanya chungu zinahitaji pia kupandwa, kuliwa na kukomazwa mbegu mitaani kwetu, la sivyo watoto watazijua kwa majina tu.

Wenye nyumba, nawaomba muwaruhusu wapangaji. Tuta la mboga haliangushi ukuta. Nawe uliyepanga chumba kimoja, kuna gunia. Wakazi wa Kibera, Nairobi, wamekuza sukuma wiki kwa njia hii miaka mingi. Simamisha ndani ya gunia kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo wenye samadi iliyooza, kisha livute juu na kurudia mpaka gunia lijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo itakayoshusha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, chomeka miche. Vidukari wakija, twanga majani ya muarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni.

Wenyeviti wa serikali za mitaa, itisheni kikao kimoja kabla ya masika kwa ajili ya jambo hili tu: kuku, maji, na viwanja vya wazi ambavyo shule na vikundi vinaweza kulima. Tukitoka kikaoni, Jumamosi inayofuata tukutane kwa mwenye ua mkubwa, kila mtu na alichonacho: marando, mbegu za bamia kwenye karatasi, miche ya nyanya chungu, kijiti cha mhogo kwa ajili ya kisamvu. Asiye na mbegu aje na jembe. Mwenye ng'ombe atuletee samadi, na iwe ya zamani, maana mbichi huunguza miche.