Uchovu wa Watumishi Si Uvivu

Mtumishi wa umma anapolalamikia mfumo mpya, hukumu yake huwa imekwisha kuandikwa: anapinga mabadiliko, anataka kufanya kazi kwa mazoea. Naikataa hukumu hiyo. Uchovu ninaouona maofisini na vyuoni umetokana na kubadilishiwa njia mara kwa mara bila kuelezwa ile ya awali ilitufikisha wapi.

Tujikumbushe. Mwaka 2000 Tanzania ilianza Programu ya Maboresho katika Utumishi wa Umma. Mwaka 2004 ikaja OPRAS: mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo, wayapitie katikati ya mwaka, kisha wayapime mwaka unapokwisha. Mwaka 2013 tukatangaziwa Matokeo Makubwa Sasa, mpango ulioigwa Malaysia. Haikupita miaka mingi jina hilo likatoweka midomoni mwa viongozi. Sasa fomu za OPRAS zimewekwa kando, na majukumu yanajazwa mtandaoni katika PEPMIS.

Sisemi PEPMIS ni mbaya. Nauliza: je, tatizo la OPRAS lilikuwa karatasi? Tuliozijaza fomu zile tunajua malengo mengi yaliandikwa bila fedha za kuyatekeleza. Tunajua pia kwamba zilijazwa harakaharaka ili jalada likamilike, na kwamba alama nzuri au mbaya hazikubadili sana hali ya mtu kazini. Kasoro hizo hazitibiwi na kompyuta. Afisa ugani asiye na mafuta ya pikipiki hatawafikia wakulima kwa sababu tu lengo lake sasa limo mtandaoni. Tusiporekebisha hayo, tutakuwa tumeuhamisha uongo kutoka kabatini kwenda kwenye seva.

Wapo watakaosema dunia haimsubiri mtu. Ni kweli. Lakini mkulima anayeufukua mhogo kila wiki kuangalia kama umekua hatavuna kitu, hata awe na jembe jipya kila msimu.

Dawa yake hatuhitaji kuiazima ng'ambo. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili mfanyakazi awe na sauti katika uendeshaji. Mabaraza ya wafanyakazi tunayo hadi leo, ila mara nyingi huitwa kupokea bajeti na kupiga makofi. Yapewe mamlaka haya: mfumo mpya usianze mpaka baraza liwekewe mezani tathmini ya ule uliotangulia, ikieleza kilichofaulu, kilichoshindikana, gharama yake na aliyewajibika.

Ndugu zangu mlioko serikalini, mdai hilo katika kikao kijacho cha baraza lenu. Wanaotupima kila mwaka nao wakubali kupimwa.