Samaki tunao, je, madini joto tunayo?

Akina mama wengi wa Nyakato na mwambao wa Ziwa Victoria wanaamini kuwa mboga ikiwa samaki, mtoto amepata kila kitu. Ni kweli kwamba sato, sangara na dagaa hujenga mwili. Lakini kuna kirutubisho kimoja ambacho ziwa halitupi cha kutosha: madini joto, ambayo wataalamu huyaita ayodini. Madini haya yapo zaidi baharini. Samaki wa maji baridi wanayo kidogo kuliko samaki wa bahari.

Madini joto hufanya kazi gani?

Mbele ya koo kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, inayoitwa thairoidi. Tezi hii hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji, joto la mwili na ubongo wa mtoto. Miezi ya mwanzo ya ujauzito, mtoto hutegemea homoni za mama yake. Upungufu ukiwa mkubwa, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na ulemavu wa akili usioweza kurekebishwa. Upungufu mdogo hauonekani kwa macho. Mtoto huwa mzito kuelewa darasani, na watu wakasema ni mvivu.

Kukaa karibu na maji si kinga

Zanzibar inatupa somo. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa watu wa visiwani hawawezi kukosa madini joto kwa sababu wanakula samaki wa bahari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha vingine. Kati ya watoto wa shule waliopimwa, karibu mmoja kati ya watano Unguja, na karibu mmoja kati ya watatu Pemba, alikuwa na goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Upande wa chumvi, Unguja zaidi ya kaya 60 katika kila 100 zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Pemba ilikuwa kaya moja tu katika kila 100.

Mfano mwingine ni Visiwa vya Marshall, katika bahari ya Pasifiki, ambako Marekani ilijaribu mabomu ya nyuklia kati ya 1946 na 1958. Mabomu yale yalitoa ayodini yenye mionzi, na tezi haiwezi kuitofautisha na ayodini ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulithibitisha kuwa vinundu na saratani ya tezi vilikuwa vingi kwa wakazi. Lakini watafiti walikuta jambo la pili: chakula cha watu wale kilikuwa na upungufu wa wastani wa madini joto, na huenda baadhi ya vinundu vilitokana na upungufu huo. Mionzi ilikuwa ikitazamwa na kila mtu, kumbe na sahani ya chakula ilikuwa na tatizo lake.

Tanzania imefika wapi?

Miaka ya 1980, ilikadiriwa kuwa karibu robo ya Watanzania walikuwa na goita. Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha miaka ya 1990 ikaweka sheria ya kuongeza madini hayo kwenye chumvi ya kula. Kufikia 2004, goita kwa watoto wa shule ilikuwa imeshuka hadi asilimia 7 hivi. Haya ni mafanikio makubwa.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa ni kaya kama sita tu katika kila kumi zilizokuwa na chumvi yenye madini joto ya kutosha. Wazalishaji wadogo mara nyingi hawana vifaa vya kuchanganya madini sawasawa. Chumvi nayo husafiri mbali, hupata unyevu, kisha huuzwa wazi kwa kupimwa. Mama anayenunua ndiye wa mwisho katika mnyororo huu, na hawezi kujua kilichomo kwa kuangalia au kuonja. Kwa hiyo mzigo huu si wake peke yake. Mzalishaji, mwenye duka na mkaguzi wote wana wajibu, na ni haki yako kuuliza.

Unachoweza kufanya nyumbani

- Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Chumvi ya kukaushia samaki au ya mifugo isiingie jikoni.
- Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, moshi na unyevu.
- Tia chumvi mwishoni, chakula kikikaribia kuiva.
- Usiongeze chumvi ukidhani unaongeza kinga. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku.
- Mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekewe chumvi. Hupata madini joto kupitia maziwa ya mama, kwa hiyo mama anayenyonyesha ndiye ahakikishe anayapata.
- Muhogo mchungu uandaliwe vizuri kabla ya kusagwa. Sumu inayobaki huzuia tezi kutumia madini joto.
- Usinywe vidonge vya ayodini bila ushauri. Yakizidi, nayo hudhuru tezi.

Nenda kituo cha afya ukiona

Uvimbe shingoni, uchovu usioisha, kuhisi baridi wakati wengine hawahisi, au ngozi kukauka sana. Kwa mtoto mchanga: manjano isiyoisha, kunyonya kwa shida, kulegea au kukosa choo. Ukiwa mjamzito, anza kliniki mapema na umuulize muuguzi kuhusu madini joto. Wanaosema goita ni kulogwa wanakuchelewesha. Tezi inaweza kupimwa, na kwa mtoto mchanga kila wiki ya kuchelewa tiba ina gharama kwa ubongo wake.