Lubumbashi: Kontra mbili za nyumba hazipunguzi kodi, zinaleta hasara

LUBUMBASHI – Katika komini za Kampemba, Ruashi na Annexe, wakaaji wengi wanaojenga nyumba za kupangisha wanafuata shauri moja: ukitaka kodi ipungue, ficha. Mwenye nyumba anaandika kontra mbili na mpangaji. Ya kwanza ina bei ya kweli, nayo inawekwa kabatini. Ya pili ina bei ndogo, na ndiyo anayoonyeshwa ajenti wa kodi. Watu wanaita hiyo akili. Ni hasara.

Hesabu ni hii. Nyumba ya dola 200 kwa mwezi inaingiza dola 2,400 kwa mwaka. Kodi ya mapato ya nyumba, ambayo sheria iliweka kwa asilimia 22, inafika dola 528. Kontra ya uongo ya dola 100 inaacha dola 264 mfukoni. Lakini mpangaji akikataa kulipa miezi sita, deni ni dola 1,200. Mbele ya tribinali, mwenye nyumba atatoa karatasi gani? Akitoa ya uongo, anapoteza dola 600. Akitoa ya kweli, anajishitaki mwenyewe. Mpangaji anajua hayo yote, ndiyo maana hana haraka ya kulipa.

Ubaya huu unaanza hata mbele ya kujenga. Ili kukwepa gharama za ofisi ya ardhi, mtu ananunua parseli kwa karatasi ya shefu, basi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iko wazi: udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya parseli inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji. Sertifika ikishatimiza miaka miwili, haivunjwi tena kwa urahisi. Kwa hiyo mwingine akiichukua juu ya parseli ileile, kila mwezi unaopita unamuumiza yule aliyelala na karatasi ya shefu. Nyumba nzima inaweza kupotea kwa sababu ya ada aliyokataa kulipa.

Wanaotetea kuficha wanasema leta inachukua tu na hairudishi kitu, na barabara zimejaa mashimo. Hawakosei kulalamika. Kodi hii inahesabiwa juu ya bei nzima, bila kutoa pesa za kutengeneza paa lililovuja. Lakini anayeficha hana mdomo wa kudai kiwango kipunguzwe.

Njia za halali za kupunguza gharama zipo. Mbele ya kununua, mtu aulize ofisi ya ardhi parseli iko kwa jina la nani. Majirani waite mpimaji mmoja na kugawana malipo. Mpangaji ambaye ni kampuni akikata asilimia 20 ili ailipe yeye mwenyewe, mwenye nyumba adai uthibitisho, abaki na asilimia 2 tu; bila karatasi hiyo anaweza kudaiwa yote. Na pesa zipite benki, zisiwekwe mkononi mwa ajenti.

Viongozi wa mkoa nao wana deni lao: wabandike bei zote za ardhi na kodi kwenye mlango wa kila komini. Raia asiyejua bei halali hawezi kumkatalia anayemwomba zaidi.